Mafundi Watatu na Injini Moja

Gari letu lilianza kutoa moshi wakati wa mvua za masika. Mwanzoni lilitoa asubuhi tu, likishawashwa, kisha likaacha. Nikajiambia ni baridi. Huku kwetu, kati ya Nyamira mjini na Magwagwa, asubuhi hata ng'ombe hutoa moshi puani. Baadaye likawa linatoa kila likipanda mlima, na barabara zetu zote ni milima. Ukimaliza kupanda unashuka ili upande tena.

Lilikuwa gari la steshen, jeupe, la zamani, ambalo mimi na mke wangu tulilinunua kwa ofisa mmoja aliyekuwa akistaafu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya upili. Mke wangu ana duka la vitambaa na sare za shule pale Nyamira. Gari hilo lilibeba vitambaa vyake, likabeba ndizi za mama yangu, likabeba wagonjwa wa kijiji kizima, na kila Sabato likambeba mama kwenda kanisani, yeye akiwa kiti cha mbele na Biblia mapajani, akiwapungia mkono waliokuwa wakitembea.

Sabato moja tulichelewa. Kwaya ilikuwa imejipanga nje ya mlango wa kanisa, ikingoja kuingia na wimbo. Nikageuza gari niegeshe kwa kurudi nyuma, nikakanyaga mafuta kidogo tu. Moshi wa bluu ukatoka ukaifunika kwaya yote. Sauti ya kwanza wakaanza kukohoa, sauti ya pili wakafuata. Besi walijikaza, maana ni wanaume, kisha nao wakashindwa. Waliingia kanisani wakikohoa kwa zamu, na mpiga kinanda hakujua amfuate nani.

Baada ya ibada mzee wa kanisa alinijia akitabasamu kwa upole wote aliokuwa nao.

"Sabato njema, mwalimu."

"Sabato njema, mzee."

"Tumeongea kidogo na wenzangu. Tunaomba uwe unaegesha kule chini kwa Wakatoliki. Jumamosi huwa hawapo."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulipofika nyumbani alishuka, akafunga mlango wa gari polepole, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Tata," akaniambia. Tata kwa Ekegusii ni baba. Mama huniita hivyo anapotaka kunikemea bila kunivunjia heshima mbele ya watoto. "Nimesali pale tangu nikiwa msichana. Sijawahi kupelekwa kwa Wakatoliki. Tengeneza hili gari."

Jumatatu baada ya masomo nikaenda gereji moja ya Nyamira mjini, nikiwa bado na tai. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kutuliza, kama ya daktari wa watoto. Alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu, unafundisha shule gani?"

Nikamtajia. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasikiliza tena.

"Ringi za pistoni zimekwisha," akasema. "Oili inapanda juu, inaungua pamoja na mafuta. Ndiyo maana moshi ni wa bluu. Hapa ni kushusha injini na kuifungua yote."

"Ni kama pesa ngapi?"

Akaniangalia viatu, akapandisha macho hadi kwenye tai.

"Kwa mwalimu kama wewe? Elfu themanini na tano, spea na kazi."

Nikamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, nikaondoka. Juma lile lile nikapeleka gari Kisii. Niliambiwa kuna gereji ya kisasa, na kweli ilikuwa ya kisasa: kulikuwa na ofisi yenye zulia, kiti cha kuzunguka na kalenda yenye picha ya gari ambalo halijawahi kuingia Kisii. Fundi wa hapo alikuwa kijana mrefu, ovaroli yake safi kuliko shati langu, na simu mbili mkononi. Hakusikiliza injini. Aliangalia moshi, akatikisa kichwa mara moja.

"Mwalimu, usitengeneze hii. Hii ni kutibu maiti. Toa yote, weka nyingine."

Akanipeleka nyuma ya ofisi. Injini ilikuwa imekaa juu ya tairi kuukuu, imepanguswa ikang'aa.

"Hii imetoka Japani. Imeendeshwa na bibi mmoja mzee, kwenda kanisani tu na kurudi."

"Huko Japani kuna Waadventista?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Watakuwepo," akasema. "Laki moja na thelathini, tukikuwekea na oili mpya."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu bei zote mbili. Alikuwa anapima kitambaa cha sketi, akaniambia bila kuinua macho:

"Umekwenda ukiwa umevaa tai?"

"Nilitoka shuleni."

"Basi hujaulizia bei ya gari. Umeulizia bei ya tai."

Siku mbili baadaye alifunga duka mapema, akavaa gamubuti na leso ya kuchumia majani chai, akachukua gari hilo hilo akaenda gereji ile ile ya Nyamira. Alimwambia fundi kuwa gari ni la kaka yake, kaka mwenyewe yuko nje ya kazi, na yeye ameagizwa tu kuuliza. Fundi aliweka bisibisi sikioni, akasikiliza, akasema ringi zimekwisha. Elfu hamsini na tano.

"Hakukumbuka gari?" nikamuuliza.

"Alisema injini hii inafanana na nyingine aliyoiona juzi, ila hii ina nafuu."

Tulicheka hadi watoto wakaja kuona kuna nini. Lakini baada ya kicheko nilibaki na wasiwasi. Kama bei inapanda na kushuka kwa mavazi, nitajuaje kama kazi yenyewe itafanywa vizuri? Mtu anayeweza kuniongezea elfu thelathini kwa ajili ya tai anaweza pia kunifungia ringi za zamani akaniambia ni mpya. Na mimi nisingejua. Ninajua mahali mito yote ya nchi hii inapoanzia, lakini sijui oili ya gari inapita wapi.

Mama, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, akaingia na jibu lake.

"Kuna mtoto wa kaka yangu kule Kenyenya. Ni fundi. Kwa nini mnazunguka na watu wa mbali? Damu haiwezi kukuibia."

"Mama," mke wangu akasema kwa adabu, "damu ndiyo inayojua mfuko uko wapi."

Mama akatoa simu yake. Alimpigia simu mpwa wake hapo hapo, simu ikiwa kwenye spika, ili sote tujifunze.

"Shangazi! Gari? Leta tu. Usijali bei. Tutaelewana."

Mama akatuangalia kwa ushindi. Mimi na mke wangu tuliangaliana kwa namna nyingine. Katika ukoo wetu neno "tutaelewana" lina historia. Fundi aliyemjengea mjomba nyumba alisema tutaelewana, na wakaja kuelewana kwa ng'ombe. Baadaye nikaulizauliza, nikaambiwa huyu binamu ana sifa mbili: hakuna anayejua injini kama yeye, na hakuna asiyemaliza kazi kama yeye.

Sasa, kilichotokea Jumapili iliyofuata hakikupangwa na mtu. Mimi, kwa siri, nilikuwa nimempigia fundi wa Nyamira aje nyumbani atazame gari tena; nilitaka nione atasema nini akilikuta gari la elfu hamsini na tano kwa mwalimu wa elfu themanini na tano. Sikumwambia mke wangu maana alinikataza kuongea na fundi yeyote nikiwa peke yangu. Naye mke wangu alikuwa amempigia yule wa Kisii, aje aone kama kweli injini ni maiti. Hakuniambia, ili nisimwulize mambo ya Japani. Na mama alimwita mpwa wake. Mama hana haja ya kumwambia mtu.

Fundi wa Nyamira alifika kwanza. Gari lilikuwa chini ya mti wa ovakado. Mke wangu alipotokea mlangoni akiwa na gamubuti, fundi alimtazama, akanitazama mimi, akalitazama gari, kisha akaingiza kichwa chote ndani ya boneti akakaa humo. Alikuwa bado humo pikapu ilipoingia uani, akashuka yule wa Kisii na simu zake mbili. Kabla sijajua niseme nini, pikipiki ikapanda mlima ikipiga kelele, akatua binamu wa Kenyenya, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko.

"Ulimwita nani?" mke wangu akaninong'oneza.

"Wa Nyamira. Na wewe?"

"Wa Kisii."

Sote wawili tukamgeukia mama. Mama alikuwa anatazama kuku, akichagua.

Nilijiandaa kwa vita. Niliwahi kuona mafundi wawili wakipigania mteja mmoja barabarani, wakatupiana spana. Lakini pia, nikiri, moyo wangu ulichangamka. Nilifikiri: sasa watashindana, na bei itashuka yenyewe mbele ya macho yangu, nami nitakaa tu kwenye kiti.

Fundi wa Nyamira akatoa kichwa kwenye boneti. Akamwona wa Kisii. Wa Kisii akamwona wa Kenyenya.

"Wewe! Bado uko hai?"

"Na wewe bado unaiba?"

Wakakumbatiana wote watatu, wakicheka, wakipigana migongoni. Kumbe wote watatu walijifunza kazi kwa fundi mmoja mzee pale Kisii, aliyekuwa akiwafundisha kwa kuwachapa na mkanda wa feni. Walikumbushana kila kipigo. Walimkumbuka mzee mwenyewe, na jinsi alivyokuwa akilala chini ya magari ili mkewe asimpate. Hawakuwa wameonana wote watatu pamoja kwa miaka mingi, na walioleta heri hiyo ni sisi.

Kisha wakakumbuka gari. Wakainama juu ya injini bega kwa bega, na hapo ndipo nilipogundua kosa la hesabu zangu.

"Ringi zimekwisha," akasema wa Nyamira.

"Na sauti ya krenki sijaipenda," akasema wa Kisii.

"Pampu ya oili nayo imechoka," akaongeza binamu yangu, damu yangu.

"Rejeta imezeeka."

"Imezeeka sana."

Kila mmoja aliheshimu ugonjwa uliogunduliwa na mwenzake, akaongeza wake. Nilisimama pembeni kama jamaa wa mgonjwa anayesikia madaktari wakiongea Kilatini. Mwishowe wa Kisii akapangusa uso kwa kiganja, akaniambia kwa niaba ya wote kwamba wameshauriana, na kwamba yeyote nitakayempa kazi, haiwezi kupungua laki moja na hamsini. Wale wengine wawili wakaitikia kwa vichwa. Nilitarajia washindane, wakaunda chama.

Mama alitoka jikoni akasema chakula ni tayari.

Ilikuwa ugali wa wimbi, kuku, na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Wageni wakasimama wakanawe. Hapo mke wangu akachukua jagi na karai akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, mahali pasipoonekana kutoka sebuleni.

"Karibuni mnawe," akaita. "Mmoja mmoja tu, jagi ni moja."

Nilidhani ni ukarimu. Kumbe kila fundi alipoinama na kunyoosha mikono, mke wangu alimmwagia maji kidogo kidogo na kumwuliza kwa sauti ya chini:

"Fundi, tuseme wewe umelazwa hospitalini, na gari ni la mama yako. Kati ya hao wenzako wawili, ungempa nani?"

Mtu aliyeinamia karai, mikono ina sabuni, hana pa kukimbilia. Wa Nyamira alijibu kwamba wa Kisii ana ofisi nzuri, lakini siku hizi mikono yake ni ya kushika simu. Mkono wenyewe ni wa yule wa Kenyenya. Wa Kisii akasema, mama yake angempa wa Kenyenya, ila amfunge kamba mguuni, maana hufungua injini tano kwa mpigo na hafungi hata moja. Binamu alipoulizwa alisema bila kusita kwamba gari lingengoja mpaka yeye mwenyewe apone.

Mke wangu aliingia akamnong'oneza mama majibu yote matatu wakati akipakua. Mama akaitikia kwa kichwa. Akangoja mpaka sahani zikabaki mifupa.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema kwa Ekegusii, "kazi utaifanya wewe. Bei?"

"Ah, shangazi. Tutaelewana."

"Tuelewane sasa, nikiwa bado nina meno."

Wale wawili wakainua macho. Binamu akakohoa, akawatazama wenzake, akasema kwamba kwa kazi peke yake, spea kando, ni elfu arobaini.

"Yaya," akasema mama. Kwetu neno hilo maana yake ni hapana, na mama ana namna ya kulitamka ambayo huwafanya wanunuzi wa ndizi waweke mkungu chini wenyewe.

"Thelathini na tano, shangazi."

"Yaya. Nilikubeba mgongoni mama yako alipougua. Ulinikojolea kutoka kwenu mpaka sokoni. Nilikutoza?"

Fundi wa Kisii akacheka, akajaribu kujizuia, akacheka tena. Bei ilishuka kwa hatua hadi ishirini. Wa Nyamira akashindwa kuvumilia.

"Unaharibu soko, wewe!"

Mama akamgeukia. "Fundi, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba sana, mama."

"Basi tulia chakula kiteremke."

Wakatulia. Elfu ishirini ikabaki, na wale wawili wakawa mashahidi bila kupenda. Walipokuwa wakiaga, mama alisema mawingu hayaaminiki, pikipiki ya mpwa wake isilowe. Tukaiingiza kwenye ghala la mahindi. Mama akafunga kufuli, akafunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake.

"Shangazi, jioni nitaihitaji kurudi."

"Kurudi wapi?" mama akauliza. "Kitanda chako kimetandikwa."

Ndivyo binamu alivyohamia kwetu.

Kesho yake, Jumatatu, akashusha injini na kuifungua, akanituma spea Kisii. Mama akasema atanisindikiza, na kwa sababu gari lilikuwa limelala vipande vipande juu ya turubai la kuanikia wimbi, tulipanda magari ya watu. Duka tulilotumwa lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mwenye kofia ya kufumwa na Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba nilianza kuchunga ngeli zangu. Nikamwomba gasketi ya hedi, ile ya kuziba kichwa cha injini, na ringi.

"Karibuni, wazee wangu. Gasketi ninazo za aina tatu," akasema. "Kuna orijino, kuna orijino ya kawaida, na kuna orijino kabisa."

"Tofauti yake nini?"

"Orijino hudumu ukiiombea. Orijino ya kawaida ni hiyo hiyo, ila boksi lake zuri. Orijino kabisa haikai hapa mbele, naitoa huko nyuma."

Mama akanigeukia, akasema kwa Ekegusii, uso ukiwa mtulivu kama anayeongea habari za mvua: "Huyu mwenye kofia ana macho ya kuchuna watu. Mwambie tunaondoka, atatuita tukifika mlangoni."

Mzee akapangusa miwani yake, akamjibu kwa Ekegusii safi, cha kule kule kwetu, akimwita omong'ina, yaani mama mzee: "Macho haya nimeyapata hapa hapa, omong'ina. Babu yangu amezikwa mji huu. Ukifika mlangoni sitakuita, nitakupa soda ukiwa umekaa."

Mama alikaa, akapokea soda, akaishika kwa mikono miwili. Mzee naye akamuuliza anatoka wapi, analima nini, na kama ndizi za Magwagwa bado ni tamu. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Alituambia gasketi tuchukue ile ya nyuma, hapo tusibane mkono, lakini ringi za bei ya kati zinatosha.

"Fundi wenu nani?"

Nikamweleza. Mzee akatoa miwani tena.

"Huyo ni fundi kweli kweli. Ila nyinyi mmempata wapi? Ana watu wanamtafuta tangu mwaka uliopita."

"Yuko nyumbani kwangu," mama akasema. "Tumefungia pikipiki."

Mzee alicheka hadi akashika kaunta. Alitupunguzia bei bila kuombwa, akatuambia hiyo ni zawadi ya akili.

Kazi ilichukua muda kuliko ilivyosemwa, kama kawaida, lakini safari hii si kwa kosa la fundi. Hedi ilipelekwa Kisii kuchongwa, ikakaa foleni. Mvua ikanyesha mchana kutwa, tukahamisha injini chini ya paa la zizi, ng'ombe wakawa wanamwangalia binamu akipima valvu. Na sampu, lile karai la chini linaloshika oili, lilioshwa likaanikwa, na kuku mmoja akaliona linamfaa akataga ndani yake. Binamu alipotaka kumtoa, mama akakataa. Kuku akishachagua mahali haondolewi, akasema, la sivyo hatataga tena. Siku hiyo nilirudi kutoka shuleni nikakuta injini yangu imesimama tangu asubuhi kwa sababu ya yai. Mke wangu ndiye aliyemaliza kesi: alimnyanyua kuku na yai lake akamweka kwenye sufuria kuukuu, na kuku hakuona tofauti.

Huku nyuma binamu alikuwa akila. Mama alimpikia kama mtu anayelipa deni la kaka yake. Asubuhi chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, mchana ugali, jioni kuku. Mashavu yake yalijaa. Ovaroli, aliyokuja nayo ikipwaya, ikaanza kumbana akiinama. Jioni moja mke wangu alikaa mezani akahesabu kwa vidole, spea, kazi, sukari, maziwa, na kuku.

"Mwalimu," akaniambia, "ukiweka na kuku, tumefika hamsini na tano. Ndiyo bei ya gamubuti pale Nyamira."

"Kuku hatukununua," mama akasema kutoka jikoni. "Na pale Nyamira ungekula wewe, au angekula fundi?"

Hatukuelewa swali hilo, lakini lilisemwa kwa sauti iliyofunga hesabu.

Siku ya kuwasha gari, majirani walikuja kama wanaokuja matanga, na viti vyao. Binamu alimimina oili, akafunga waya wa mwisho, akanipa ufunguo. Niligeuza mara ya kwanza, injini ikazunguka ikanyamaza. Mara ya pili ikashika, ikaguruma, kisha ikatulia ikawa inanong'ona. Mama alivua kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha kuendea kanisani, akakishika mbele ya bomba la moshi. Nikakanyaga mafuta kama nilivyoagizwa. Akakitazama kitambaa upande huu na upande ule, akakivaa tena. Majirani wakapiga makofi. Nikamtazama binamu: alikuwa amegeuka upande wa migomba, akijipangusa macho kwa mkono wenye oili, na alipogeuka alikuwa na alama nyeusi mbili usoni.

"Sijamaliza gari kwa muda mrefu," akaniambia. "Nilikuwa nimesahau inavyokuwa."

Nikamshika bega.

Siku iliyofuata tulimrudisha Kenyenya kwa gari hilo hilo, pikipiki ikiwa imefungwa nyuma, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Tulipanda milima yote bila kuona moshi hata wa kuazima. Tulipokaribia gereji yake, ambayo ni uwanja wenye kibanda cha mabati, tuliona watu wamekaa kwenye gogo. Walikuwa wanne au watano, wenye magari yaliyolala uwanjani bila boneti, majani yameota kwenye mabampa. Walipomwona binamu wakasimama wote kwa pamoja.

"Ninyi ndio mlimficha!" mmoja akanifokea, mzee mwenye fimbo. "Lori langu limekaa hapa tangu mwaka jana!"

"Sikumficha, mzee. Alikuwa kwetu akifanya kazi."

"Kazi? Hii injini ninayoisikia ameifungua na kuifunga?"

"Ndiyo."

Wakazunguka gari kimya kimya. Mmoja aliinama akanusa bomba la moshi. Mama mmoja mwenye gari dogo la buluu alimwendea mama yangu, akamshika mkono akamvuta kando, na nikawaona wakiongea kwa muda mrefu, vichwa vimekaribiana. Sikusikia maneno, lakini nilimwona mama akifungua ncha ya leso yake kuonyesha kitu.

Binamu alikuwa bado ndani ya gari.

"Shangazi," akaita kwa sauti ndogo, "twende turudi."

"Shuka," mama akamwambia. "Hawa ndio watu wako."

Akashuka. Yule mama wa gari la buluu alikuwa tayari amesimama kando ya pikipiki, akimpa pole ya safari na kumuuliza kama anapenda nyama ya mbuzi.

Siku hizi binamu amebomoa kibanda cha Kenyenya. Hana gereji. Ukitaka gari lako lifunguliwe, unapanga zamu, unamchukua na mkoba wake wa spana, anakaa kwako mpaka gari liwake. Bei ya kazi imepanda, na ovaroli amenunua ya saizi kubwa. Wenzake wa Nyamira na Kisii hulalamika kwamba amewaharibia soko, lakini mara ya mwisho nilipopita Kisii, yule wa simu mbili aliniambia, huku akitazama kama kuna anayesikia, kwamba pikapu yake inatoa moshi, na kwamba amemwekea binamu yangu kitanda.